Jina la Mama Eyang

Asumu Mezui aliwasikia kabla ya kuwaona, na neno la kwanza kumfikia lilikuwa la lawama.

"Hii ni njia ya tembo au ya wendawazimu?" Sauti ya mwanamke mtu mzima ilitokea nyuma ya ukuta wa majani. "Maji yako magotini, na wewe bado unaniambia ni hapo tu. Tangu tushuke mtumbwini ni hapo tu."

"Ni hapo tu, Mama," ikajibu sauti nyingine, ya chini, yenye kicheko kilichobanwa.

Hiyo sauti ya pili ndiyo iliyomfanya Asumu aiweke darubini chini kwa uangalifu wa mtu anayetua kitu cha kuvunjika. Kwa miaka sita alikuwa ameisikia katika misitu mingine, na kila alipogeuka hakumwona mwenye sauti. Alishuka ngazi za ulingo, akasimama kwenye ubao wa mwisho, na akajikuta akifunga kifungo cha juu cha shati lake kama mwanafunzi wa bweni anayesubiri kukaguliwa.

Oyane alitangulia kutoka majanini. Suruali ilikunjwa hadi magotini, viatu vilining'inia shingoni kwa kamba zake, na kikapu cha mama yake alikuwa amekibeba yeye mgongoni. Walitazamana, kwa mara ya pili tu katika miaka sita. Nywele alikuwa amezipunguza, na usoni mwake palikuwa na utulivu ambao zamani hakuwa nao, utulivu wa mwalimu aliyezoea kungoja darasa linyamaze. Lakini hereni ndogo ya fedha ilikuwa palepale katika sikio la kushoto, na juu ya hereni hiyo ule mpasuko mdogo wa utotoni ambao Asumu angeutambua katikati ya umati wote wa soko la Makokou.

"Mmefika," alisema Asumu.

"Tumefika," alijibu Oyane.

Mama Eyang alichomoza nyuma yake, kitenge kimefungwa juu, fimbo mkononi, akihema. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Miaka yote hiyo," alisema, "na hayo ndiyo maneno mliyokuwa mkiyatunza?"

"Mbolo, Mama," Asumu akasalimu haraka. "Pole na safari."

"Mbolo. Safari si kitu, taabu ni magoti. Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Somo wangu. Sikuja kukuona wewe, wewe nakujua."

"Bado hajafika. Tutamngoja juu."

"Na asipokuja?"

Oyane aligeuza uso akatazama mti. Jibu wote watatu walilijua. Mama Eyang akalisema hata hivyo, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo likining'inia.

"Asipokuja leo, narudi nyumbani. Jumamosi watu wa Ovan wanakaribishwa kwa mume wangu Nkoghe, na bilauri ya posa inamiminwa. Ni watu wa heshima, na kijana wao ana duka na adabu. Nilisema hivyo nyumbani, nasema hivyo hapa."

Chini ya ngazi ulisimama mti mchanga wa ndok, ambao kilele chake kilikuwa kimefika usawa wa sakafu ya ulingo. Oyane aliweka kiganja kwenye gome lake.

"Kumbe uliota," alisema.

"Uliota. Wewe ulisema mbegu niliyoipanda mimi haina bahati."

"Nilisema hivyo ili unyamaze. Ulikuwa unaniimbia huku mikono imejaa mavi ya tembo."

"Mavi ya tembo?" Mama Eyang alisimama kwenye ngazi ya pili. "Oyane, ulikuwa unarudi nyumbani unaniambia kazi yako ni ya kalamu."

"Ndani yake mna mbegu, Mama. Tulikuwa tunaziosha kijitoni na kuzihesabu, ili kujua tembo anapanda miti gani."

"Nimeuza ndizi miaka saba kukusomesha," alisema mama yake, akianza tena kupanda, "ukaenda kuosha mavi."

Asumu aliinama asionekane akicheka. Alipoinua uso alikuta Oyane naye ameinamia mti, mabega yakitikisika, na kwa kitambo kifupi ilikuwa kana kwamba ulingo haukuwahi kuoza wala wao hawakuwahi kutengana.

*

Mbele ya ulingo msitu ulifunguka ghafla. Ulikuwa uwanda wa tope na mchanga, uliokatwa katikati na kijito, wenye mashimo ambamo tembo huingiza mikonga yao kutafuta maji ya chumvi. Mtu aweza kupita karibu na tembo wa msituni asimwone, kwa jinsi miti inavyomficha. Lakini hapo uwandani hutoka hadharani, huonana na jamaa zake, na yeyote mwenye subira aweza kuusoma uso wake. Asumu na Oyane walikuja hapo wakiwa wanafunzi, na subira ndiyo iliyokuwa shule yao.

Sheria ya ulingo ilikuwa moja, na haikuwa na msamaha: hakuna kusema kwa sauti. Upepo hubeba sauti ya binadamu, na familia iliyongojwa wiki nzima hugeuka ikatoweka. Hivyo vijana wale wawili wakajifunza kusema kwa mikono. Tembo hutambulikana kwa masikio, hivyo mazungumzo yao yote yakawa ya masikio: kidole hapa kwa mpasuko, kidole kikizungushwa kwa tundu, kiganja kikikunjwa kwa ukingo uliopinda. Alasiri moja ya mvua, uwanda ukiwa mtupu, Asumu alimgeukia Oyane akamwelezea yeye mwenyewe, kwa ishara, kama walivyozoea kumwelezea tembo mgeni. Sikio la kulia, zima. Sikio la kushoto, mpasuko mmoja mdogo. Mwendo, hutangulia wenzake. Oyane alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa vidole alama waliyoiweka kwa tembo aliyekwisha kutambuliwa, ambaye hana haja ya kuchunguzwa tena. Ndivyo walivyochumbiana. Hakuna neno lililotamkwa.

Majina ya tembo waliyatoa kwa desturi ya kwao, isipokuwa katika jambo moja. Mtoto wa Kifang hubeba jina lake na jina la baba yake nyuma yake. Oyane ni Oyane Nkoghe, na jina la mama aliyemzaa halimo. Uwandani madume huja na kupita, na aliye na uhakika na mtoto ni mama pekee. Basi nyuma ya jina la kila mtoto wakaweka jina la mama yake. Walilicheka sana jambo hilo, kwa ishara, mikono midomoni.

Jike moja lilikuwa na sikio la kushoto lililochanika kama jani lililoliwa na kiwavi. Lilipofika, wengine walilipisha kwenye shimo bora bila kuguswa. Asumu alimnong'oneza Oyane, "Huyu ni mama yako sokoni," na Oyane akang'ata mkono wa shati lake asicheke kwa nguvu. Tangu siku hiyo jike lile likaitwa Eyang. Lilikuwa jina la heshima, na aliyelitoa alilitoa kwa mapenzi.

Msimu uliofuata matunda ya msituni yalikosekana, na tembo wakatoka kutafuta chakula kwa watu. Katika kijiji cha Adzap aliingia mmoja, akala muhogo, akakanyaga karanga, akang'oa migomba, na shamba alilolimaliza lilikuwa la Mama Eyang. Watu walitoka na sufuria kumfukuza. Mfanyakazi mmoja wa kituo cha utafiti cha uwandani alikuwa hapo kijijini, akaliona sikio, akasema kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa, "Huyu ni Eyang wetu wa uwandani."

Siku ya soko habari ilikuwa imekwisha kutangulia. "Eyang, leo unauza ndizi au umezila zote?" wanawake walimuuliza. "Eyang, migomba ya Eyang ilikuwa mitamu?" Mama Eyang, ambaye hakuna mwanamke sokoni aliyewahi kumshinda kwa maneno, alifunga kikapu chake akarudi nyumbani, na kwa miezi mingi hakuonekana tena sokoni.

Wazee wa Asumu walifika kwa Nkoghe wiki hiyohiyo. Koo zilikuwa zimekwisha kuulizwa na kuonekana haziingiliani. Asumu alimimina mvinyo katika bilauri, ile ambayo msichana huonja kisha akampelekea baba yake. Baba akinywa, posa imekubaliwa. Kabla Oyane hajainuka, Nkoghe alinyosha mkono, akaichukua bilauri mwenyewe, akaipindua mezani. Mvinyo ulitiririka hadi magotini pa wazee.

"Mke wangu si mnyama," alisema.

Asumu hakujitetea. Alikwenda kufanya kazi katika msitu wa mbali, upande wa pili wa nchi. Oyane alikatazwa kurudi uwandani, akawa mwalimu wa biolojia mjini Makokou. Kituo kilifungwa, na ulingo ukaachiwa mchwa na mvua.

Mwanzo wa kiangazi hiki kituo kilifunguliwa tena, Asumu akaitwa kukiongoza na kuujenga ulingo upya. Alipita Makokou akamkuta Oyane sokoni akichagua matunda ya atanga, na kwa maneno machache aliyopewa akajua habari mbili: kwamba hajaolewa, na kwamba watu wa Ovan wanakuja. Hakumtafuta mshenga. Alikwenda Adzap mwenyewe, mchana kweupe, akasimama mbele ya Mama Eyang jikoni pake na kumwomba radhi.

"Kunipa somo si kosa," mama yule alimwambia, akimenya muhogo bila kuinua macho. "Anayenipenda ataita mtoto kwa jina langu. Lakini mtoto akipewa jina la mtu, huletwa kwa huyo mtu. Hutambulishwa, hupewa kitu. Wewe ulilichukua jina langu kama anayechukua kuku wa jirani, na mtoto ukanifichia. Nilikutana naye shambani, hatujatambulishwa. Ningejuaje kwamba ni mgeni wangu?"

"Atatambulishwa, Mama."

"Kabla ya Jumamosi, basi."

Nkoghe alipoelezwa alisema kwamba jina ni la mkewe, na uamuzi ni wa mkewe. Aliposema hivyo alikuwa anatabasamu kidogo, maana aliijua njia ya kwenda uwandani.

*

Walikaa ubaoni watatu, Mama Eyang katikati, karanga za kuchemsha zikiwa katika jani la mgomba mapajani pake.

"Mama, polepole," alinong'ona Oyane.

"Nasema polepole."

"Hii siyo polepole, Mama. Hii wanaisikia Makokou."

"Basi nitatafuna tu."

Nyati wekundu walitoka, wakalala kijitoni. Kasuku walishuka kwa kundi, wakanywa, wakaruka. Adhuhuri ilipita. Kisha dume kubwa likaingia uwandani, pembe zake zimenyooka kuelekea chini, zenye rangi ya waridi kwa maji ya msitu, na Mama Eyang akamshika Asumu mkono.

"Ndiye?"

"Huyo ni dume, Mama."

Mama Eyang alitazama tena. "Kweli," alisema. "Haina shaka."

Oyane alifunika uso kwa mikono. Asumu alimtazama kwa juu ya kichwa cha mama yake, na vidole vyake vikajisemea vyenyewe, kama zamani: unacheka wewe? Oyane akajibu kwa kidole kimoja: wewe tazama uwanda. Lakini macho yake yalibaki kwake muda mrefu kuliko yalivyohitajika, na ndani yake hamkuwa na kicheko.

Tangu afike, Asumu hakuwa amemwona Eyang wala yeyote wa familia yake. Jambo hilo alikuwa amemweleza Oyane kwa simu bila kulipunguza, na Oyane akamwambia atamleta mama yake hata hivyo. "Hata ukishindwa," alisema, "angalau nitakuwa nimekuona."

Jua lilipoanza kuinama nyuma ya miti, majani ya upande wa mashariki yalitikisika. Wakatoka wawili. Wa kwanza alikuwa jike, mwembamba bado, akitembea taratibu, sikio lake la kushoto limefunikwa na tope jekundu lililokauka hata ukingo wake usionekane. Nyuma yake kwa karibu kabisa alimfuata mdogo, mkonga wake ukigusa mkia wa mwenzake. Jike lile lilikwenda moja kwa moja hadi shimo bora. Dume kubwa lilimtazama, likasogea.

Asumu aliinua darubini, akatazama sikio la kulia, akaona tundu la mviringo ambalo yeye na Oyane walikuwa wamelishuhudia likiwa jeraha bichi. Akaishusha.

Mama Eyang alikuwa amesimama. "Wamempisha," alisema. Sauti yake safari hii ilikuwa ya chini kweli. "Umeona? Hakusema kitu, wakampisha. Ndiye?"

Asumu aligeuka. Nyuma ya mama yake, Oyane naye alikuwa ameliona lile tundu. Hakuna aliyewajua tembo wale kuliko yeye. Aliinua mkono wake polepole akaligusa sikio lake la kushoto, mara moja, na mara ya pili, alama ya Eyang. Sema ndiye. Midomo yake ilikuwa imekazwa na macho yake yamejaa maji. Sema ndiye, Asumu.

Ingekuwa rahisi. Tope lilikuwa limeficha kila kitu, na mwanamke aliyekuwa akingoja jibu hakuwa na njia ya kulipima. Neno moja lingempa Asumu kila alichokikosa kwa miaka sita, na lisingemdhuru mtu. Lakini Asumu alilelewa katika bweni ambamo mvulana mwenye kosa aliadhibiwa akisema kweli na akisema uongo, hivyo alijifunza mapema kwamba ukweli hauahidi malipo. Husemwa kwa sababu ndio ukweli. Tena jina la mwanamke huyu alikuwa amekwisha kulichukua mara moja bila idhini yake. Hakukusudia kulichukua mara ya pili.

"Siye, Mama," alisema.

Mkono wa Oyane ulishuka kutoka sikioni. Alifumba macho.

"Siye," Mama Eyang alirudia.

"Siye. Huyu ni binti yake. Mama yake ndiye aliyekuwa akitangulia. Binti akitangulia, na mama haonekani nyuma..." Alisita. "Sijui, Mama. Huenda yuko mbali. Lakini sidhani kama atakuja tena."

Mama Eyang aliketi polepole, akashika magoti yake. Karanga zilimwagika ubaoni, hakuziokota. Uwandani mikonga ilikuwa ikivuta maji mashimoni.

"Kwa hiyo nilikuja kwenye msiba," alisema mwishoni.

"Nisamehe, Mama."

"Ungeweza kuniambia ndiye. Mimi ningejuaje? Kwangu mimi wote ni ukuta wenye mkia." Alimtupia Oyane jicho la pembeni. "Na huyu nyuma yangu amekwisha kukuambia useme hivyo. Nimezaa mtoto, simjui?"

Oyane hakufumbua macho. "Mama, nilikuwa..."

"Nyamaza kwanza." Mama Eyang alinyosha fimbo yake kuelekea uwandani. "Huyo binti anaitwa nani?"

"Nzang," Asumu alijibu. "Nzang Eyang."

"Nzang nani?"

"Nzang Eyang. Hapa baba hajulikani, Mama. Mtoto hubeba jina la mama yake."

"Rudia."

"Nzang Eyang."

Mama Eyang alikuwa amezaa mara moja tu katika maisha yake, na kila aliyemwita mwanawe kwa majina kamili, shuleni, kanisani, hata mbele ya wazee wa posa, alimwita binti wa Nkoghe. Hakuwahi kulilalamikia jambo hilo, maana ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. Mtu halalamiki kwamba mto unateremka. Sasa alikuwa akimtazama yule jike mwembamba akilipa kisogo lile dume kubwa, na mdomo wake ukawa unalitamka jina lile bila sauti.

"Na yule mdogo?"

"Hana jina. Alizaliwa ulingo ukiwa umeoza, hakuna aliyemwona."

"Ni wa huyu Nzang?"

Ni Oyane aliyejibu. Alikuwa amefumbua macho na kusogea hadi begani kwa mama yake, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu. "Hapana, Mama. Nzang hajafikia umri wa kuzaa. Tembo wa msituni huchelewa sana. Huyu ana miaka mitano hivi, na anamfuata Nzang kama mtoto anavyomfuata dada. Ni wa Eyang. Ndiye wake wa mwisho."

"Wa mwisho," alisema Mama Eyang. Mtoto wa tembo alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akijaribu kuingiza mkonga katika shimo lisilokuwa na maji, na dada yake akamsukuma kwa upole hadi kwenye shimo lake mwenyewe. "Mpumbavu huyo. Kama wewe ulipokuwa mdogo. Ulikuwa unakwenda kuchota maji na ndoo iliyotoboka."

"Mara moja tu, Mama."

"Mara nyingi." Alipangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Asumu Mezui. Huyo mdogo mwite Oyane."

Asumu alimtazama Oyane. Oyane hakuwa akimtazama mtu.

"Oyane Eyang," Asumu alisema polepole, ili jina likae mahali pake.

"Haya. Sasa watambulishe. Ulisema utawatambulisha."

Asumu alisimama wima kwenye mbao zile, mikono ubavuni, kama asimamavyo kijana mbele ya wazee wa ukoo anapotakiwa kuutaja ukoo wake. Alinong'ona, lakini hakuna neno alilolimeza. "Mama Eyang wa Adzap, nimekuletea waliobeba jina lako. Huyu ni Nzang Eyang. Yule ni Oyane Eyang. Mama yao aliitwa kwa jina lako kwa sababu akifika, wengine walimpisha. Nilichelewa kumleta kwako. Nimewaleta watoto wake."

"Nimewapokea," alijibu Mama Eyang, na sauti yake haikuwa imara. Kisha akajikusanya, akawa tena yule wa sokoni. "Somo hutoa zawadi. Na mimi nilikwisha kutoa. Shamba zima, na migomba yake, na karanga ambazo nilikuwa sijavuna. Mwanamke gani mwingine pale Adzap aliyemkaribisha somo wake hivyo? Akija mtu kuniuliza tena sokoni kama migomba ilikuwa mitamu, nitamwambia aniletee somo wake yeye tumwone alipewa nini."

Oyane alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akajaribu kuficha yote mawili, akashindwa.

"Nina kiu," alisema mama yake.

Asumu alichukua chupa yake ya maji, akamimina katika kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili. Mama Eyang alikitazama kikombe, hakukipokea.

"Kwenu ndivyo mnavyofanya? Mpe yeye."

Ilichukua kitambo kabla Asumu hajaelewa. Alipoelewa, alimgeukia Oyane akamnyoshea kikombe kwa mikono miwili. Oyane alikipokea kikombe. Vidole vyao havikugusana, waliogopa kugusana. Alionja kidogo, akapiga goti, akampa mama yake.

Mama Eyang alikishika kikombe mapajani akitazama uwanda. Nzang alikuwa ameanza kuondoka kuelekea miti, mdogo wake nyuma, mkonga mkiani. Mama Eyang alingoja mpaka majani yalipofunga nyuma yao. Kisha akanywa maji yote bila kupumzika, akakitua kikombe kwenye ubao kati yake na Asumu, mdomo juu.

"Na Baba?" Oyane aliuliza. "Na watu wa Ovan?"

"Watu wa Ovan watakula, watashiba, wataambiwa ukweli kama watu wazima. Baba yako alisema jina ni langu na uamuzi ni wangu. Alidhani sitaweza kuivuka ile mito." Aliokota karanga moja ubaoni, akaipuliza vumbi, akaila. "Mvinyo wake atakunywa Jumamosi. Nami nitakuwa nimekaa karibu na mkono wake."

Uwanda ulibaki mtupu. Dume lilikuwa limeondoka pamoja na nyati, na juu ya mashimo palielea ukungu mwembamba wa jioni. Asumu alimtazama Oyane kwa juu ya kichwa cha mama yake, akainua kidole taratibu hadi sikio lake la kulia: zima. Akakipeleka sikio la kushoto: mpasuko mmoja mdogo. Oyane alinyanyua mkono kujibu.

"Nawaona," alisema Mama Eyang bila kugeuka. "Kama mna la kuambiana, semeni. Tembo wamekwenda."

Mkono wa Oyane ulibaki hewani. Kisha akaushusha, na kwa mara ya kwanza juu ya ulingo ule akasema kwa sauti yake yote.

"Nilikutambua siku ileile, Asumu. Sijamtazama mwingine."